Masta silinda ya breki ya mbele imejamu, naomba ushauri kabla sijaitoboa

Mwendapole: Wakuu, heshima kwenu. Nina pikipiki ya zamani aliyoniachia kaka yangu, Mungu amrehemu. Ilikaa miaka sita bila kuguswa. Masta silinda ya breki ya mbele, ile ya kwenye usukani inayosukuma mafuta ya breki ukibana levo, imejamu. Levo haiendi hata milimita moja. Nimeshatoa raba ya vumbi na ile pete ya chuma inayozuia pistoni, nimepulizia dawa ya kulainisha kutu siku tatu mfululizo, wapi! Nimeazima drili, nataka nitoboe pistoni katikati niivute kwa skrubu. Jumamosi nina safari, nitambeba mama. Msaada tafadhali, nalala saa chache sana.

Dada Spana: Kaka, pole na msiba. Ila Jumamosi mbona karibu hivyo? Ukifunga breki uzito wote hukimbilia mbele, ndiyo maana breki ya mbele hubeba kazi kubwa. Mama haombwi radhi akishaanguka.

Tairi Bapa: Afadhali wewe umefika kwenye pistoni. Mimi nilikwama kwenye skrubu mbili za kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki. Vichwa vyote vilikatika meno, nikashinda siku nzima nikigonga bisibisi kwa nyundo. Kumbe zile skrubu zina msalaba wake, bisibisi ya kawaida haikai vizuri.

Mzee wa Gia: Tuanze na mafuta ya breki, vijana mnapuuza. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya maji yanaweza kushuka hadi 155. Hayo maji ndiyo yanayokula alumini ndani na kuacha unga mweupe unaobana pistoni. Miaka sita! Na usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni.

Fundi Kimya: Weka drili chini. Ikiteleza itachana ukuta wa silinda, na hapo umeiua. Kabla sijasema zaidi: mafuta yaliyokuwa kwenye kikopo yana rangi gani? Weka tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika na maji. Mengine yanaelea.

Mwendapole: Ni meusi meusi, ya zamani tu. Naomba tuzungumzie pistoni.

Fundi Kimya: Nimeuliza tone.

Mwendapole: Sawa. Hakuna haja ya glasi, najua kilichomo. Mwezi juzi nilikuta kikopo kimekaribia kukauka, sikuwa na mafuta ya breki, nikaongeza mafuta ya injini. Kidogo tu, kama vijiko viwili. Na breki ilishika vizuri wiki tatu, kwa hiyo sidhani kama tatizo ni hilo. Siku moja nikiteremka mlima gurudumu la mbele likaanza kujishika lenyewe, diski ikawaka moto. Nikaegesha. Kesho yake levo imekuwa jiwe.

Pancha: Hii chai. Mwanzo pikipiki imekaa miaka sita bila kuguswa, sasa umeteremka nayo mlima? Chagua moja. Wakuu, tunapoteza muda.

Tairi Bapa: Hata mimi nimeshtuka. Na nani huyo wa kutia mafuta ya injini kwenye breki?

Mwendapole: Jamani, ilikaa miaka sita, nikaifufua mwezi juzi. Sikutaja kwa sababu niliona aibu, ni pikipiki ya marehemu. Nipo nayo hapa mbele yangu. Ile raba nyembamba iliyokunjwa chini ya kifuniko nimeitoa jana, imepanuka hadi hairudi kwenye nafasi yake. Nikiibonyeza upande huu inachomoza kule. Inateleza na imelegea kama sikio.

Fundi Kimya: Pancha, hilo hatungi mtu asiyeliona. Raba za breki zinavumilia mafuta ya breki, zikikutana na mafuta ya injini zinafura. Raba ya pistoni ikifura inaziba kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta, chembamba kama ncha ya sindano. Ukiendesha mafuta yanapata joto, yanatanuka, hayana pa kurudi, pedi zinabana diski. Ndicho kilichokukuta mlimani. Siku nyingine ikikushika hivyo, acha diski ipoe, kisha legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, gurudumu litaachia.

Sasa pistoni. Fungua masta silinda yote, itumbukize kwenye maji ya moto sana dakika kumi. Ishike kwenye jiliwa taratibu, kwa vipande vya mbao. Isukume pistoni NDANI kwanza, kwa kijiti cha shaba, kidogo kidogo. Ikishasogea umevunja ule mshiko, na springi inaweza kuirudisha. Isiporudi, tumia pampu ya grisi kupitia tundu la hozi, mradi nyuzi za kufungia zilingane. Usitumie kompresa, pistoni hutoka kama risasi.

Mwendapole: Na raba nizioshe kwa petroli nizirudishe?

Fundi Kimya: Hapana. Raba zote mpya: za pistoni, ya kifuniko, za kalipa, na hozi. Vyuma osha kwa spiriti. Washa za shaba, zile pete bapa za kwenye hozi, pia mpya.

Pancha: Mwendapole, nisamehe kaka. Nilikukosea.

Mwendapole: Yameisha ndugu. Mrejesho: imetoka! Maji ya moto mara tatu, kijiti, kisha grisi. Ilitoka polepole ikiwa na unga mweupe shingoni. Ila nikipitisha ukucha ndani ya silinda, kuna mahali unakwama.

Fundi Kimya: Ukucha ukikwama, hiyo haifai tena. Tafuta nzima. Angalia ubavuni, kipenyo huwa kimeandikwa. Usichukue kubwa zaidi, levo itakuwa ngumu na breki haitashika ipasavyo.

Mwendapole: Imeandikwa 14. Drili nimerudisha, na mama nimemwambia safari tumeiahirisha.

Dada Spana: Alhamdulillah. Na kalipa umeifungua?

Mwendapole: Naifungua sasa hivi. Raba ya kwanza nayo imefura.