Dira 2050 na lumbesa ya viazi: mipango ya taifa inamfikia nani?

Mkulima wa Isyonje: Wakuu, tujadili bila matusi. Dira 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 2025: uchumi wa dola trilioni 1, kila kichwa dola 7,000 kwa mwaka. Kabla yake Dira 2025, MKUKUTA ule mkakati wa kupunguza umaskini, Kilimo Kwanza, SAGCOT ule mpango wa kilimo wa ukanda wa kusini. Na sisi Nyanda za Juu Kusini tunasifiwa tu kwamba tunalisha taifa. Ila viazi vyangu bado vinafungwa lumbesa, gunia linajazwa mpaka linavimba juu, na sheria inasema gunia mwisho kilo 100. Mpango upi umewahi kumgusa dalali? Msiniletee habari za mahindi, Iringa maghala yamejaa na watoto wamedumaa.

Mnyalukolo: Watoto wetu wa Iringa wameingiaje kwenye viazi vyako?

Mchumi wa Soweto: Mkuu, dira ni mwelekeo tu, kazi iko kwenye mipango ya miaka mitano mitano. Uchumi wa kati tulipanga 2025, Benki ya Dunia ikatutangaza 2020. Sasa hapo mipango imefeli wapi?

Mkulima wa Isyonje: Uchumi wa kati wa huko Soweto kwenu, Mbeya mjini, huo. Huku dalali anakuja na magunia yake, anapanga bei yake, na mvua ikinyesha barabara haipitiki unampa tu.

Mnyalukolo: Bado nasubiri jibu la watoto.

Mama Mafinga: Jibu ninalo mimi. Ule utafiti wa afya wa 2022, Iringa watoto waliodumaa ni asilimia 56 na ushee, tunaongoza nchi nzima. Taifa ni kama 30. Njombe na Rukwa wako nyuma yetu hapo hapo. Na si njaa! Mama yuko shamba tangu alfajiri, mtoto anashinda na uji wa sembe mtupu. Maharage na mayai yanapelekwa sokoni.

Kijana wa Tunduma: Na ulanzi, ile pombe yenu ya mianzi, je?

Mnyalukolo: Nilijua tu. Nyie Mbeya kila kona spika za mikesha ya makanisa, kuna mtu kawasema?

Kijana wa Tunduma: Tunduma ni Songwe, tuligawanywa 2016. Fuatilia mipango ya taifa.

Mchumi wa Soweto: Turudi kwenye mada. Lumbesa ni ya halmashauri na wakala wa vipimo, dira haihusiki.

Mama Mafinga: Hata uji hauhusiki? Mtu asiyekua vizuri utotoni hiyo dola 7,000 ataizalisha na nini? Weka karanga, weka dagaa, basi.

Mkulima wa Isyonje: Mama, karanga unazikaanga kwanza au unasaga mbichi?