Wanafunzi 86, boksi moja la kalamu za rangi: nafundishaje Sanaa?

Mwalimu wa Kilwa
Salaam walimu wenzangu. Nafundisha darasa la tatu, shule ya msingi huku Kilwa, na muhula huu nimekabidhiwa Sanaa na Michezo. Watoto ni 86. Ofisini nimepewa boksi moja la kalamu za rangi, nyekundu ilishakwisha. Wiki iliyopita niliwapeleka bondeni tukachimba udongo, wakafinyanga vikombe, ng'ombe, hata simu. Walifurahi mno! Nikavipanga juani barazani vikauke upesi. Asubuhi karibu vyote vimepasuka, mikia na masikio chini. Binti mmoja alisimama na mkono wa kikombe chake kiganjani. Hakulia, aliniangalia tu. Nimekosea wapi? Na rangi nitazipata wapi bila kuwachangisha wazazi?

Binti Mkisi
Pole, mwanangu. Jua ndilo lililokuponza. Nje kunakauka na kusinyaa ilhali ndani kungali kubichi, basi lazima kipasuke. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimezaliwa Ikombe, ziwani Nyasa, kwetu Wakisi ufinyanzi ni kazi ya mama zetu. Mama yangu alipeleka vyungu kwa mtumbwi mnadani Matema, na sikumwona hata siku moja akianika chungu kibichi juani.

Fanya hivi. Udongo uponde, utoe mawe na mizizi, uukande mpaka usiwe na hewa ndani. Changanya na mchanga laini kidogo au vigae vya chungu kilichovunjika, vilivyotwangwa. Mkono wa kikombe usiubandike tu: kwaruza pande zote mbili kwa kijiti, paka uji wa udongo uleule, kisha bana. Pale ndipo watoto wengi hukosea. Halafu weka kivulini, funika na gunia lenye unyevu, siku mbili tatu, ndipo ufunue kidogo kidogo. Kuchoma usijaribu peke yako na watoto 86, mtafute mfinyanzi wa hapo kijijini aje.

Rangi unazo jikoni. Manjano ya unga kwenye maji ya moto, uchanganye na uji mwepesi wa muhogo ili ishike karatasi. Acha ikauke. Kisha chovya kijiti kwenye maji ya majivu uchore juu yake: mstari unageuka mwekundu wa udongo hapo hapo. Maji hayo shika wewe, yanauma macho. Nyeusi ni mkaa uliosagwa. Kijani cha majani ya matembele kinatoka, ila hupauka haraka. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha, au kipande cha kumbi la nazi.

Mama Watatu
Mimi ni mzazi. Naomba walimu mnisikilize. Mwaka jana mwanangu aliambiwa alete mkeka mdogo kesho yake. Nilikaa mpaka saa sita usiku nasuka ukili mimi, yeye amelala. Alipewa 9 kati ya 10. Hajui kusuka mpaka leo, na anajua kwamba zile alama si zake. Mwalimu wa Kilwa, kazi zifanyike hapo hapo darasani, hata zikiwa mbaya.

Mchora Maboksi
Namuunga mkono mama. Mimi nachora Dar kwa kuuza. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 hakuwa na turubai, alichorea vipande vya masonaiti, zile mbao nyembamba za kiwandani, kwa rangi za baiskeli. Rangi za mafuta kama hizo usiwape watoto, harufu yake kali. Lakini utaratibu wachukue: paka boksi la sabuni rangi moja kwanza, ikauke kabisa, ndipo uchore ndege mmoja mkubwa ajaze nafasi. Mtoto akichora mnyama mdogo pembeni, mwambie amkuze.

Mwalimu wa Kilwa
Shikamoo mama, asante sana. Mama Watatu, nimekuelewa: kuanzia sasa hakuna kazi ya kupeleka nyumbani.

Ijumaa nimejaribu manjano. Nimechora samaki kwa maji ya majivu ubaoni, kwenye karatasi kubwa, mstari ulipogeuka wale wa nyuma wakapanda juu ya madawati. Nimewagawa makundi manane, bakuli moja kila kundi.

Yule binti amefinyanga kikombe kingine. Alikwaruza mwenyewe, akapaka uji wa udongo, akabana kwa vidole viwili. Leo ni siku ya tatu kipo chini ya gunia. Nimefunua pembeni kuangalia, mkono bado umeshika.

Binti Mkisi
Marahaba, mwanangu. Usifunue tena mpaka Jumatano.