Tupeane uzoefu: nani ameshachaji betri ya akiba gari likiwa linaunguruma?

Mpiga Debe wa Njiro:
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni matangazo ya mtaani: Noah, na spika mbili za honi juu ya paa. Misiba, mikutano ya injili, sabuni mpya, vyote napokea. Nyuma nina betri ya pili inayolisha amplifaya, ili ile ya gari ibaki na moto wa kupigia stata. Nikimaliza kazi nawasha gari, naziunganisha, ya nyuma inachajiwa njiani.

Waya nilifunga mwenyewe, ule uliobaki tulipoingiza umeme nyumbani. Fyuzi sikuweka. Miezi miwili mambo safi. Jumamosi moja, siku ya soko Tengeru, nikapiga matangazo mpaka ya nyuma ikakata kabisa. Nikaunganisha, nikaondoka. Sijatembea hata kilomita tatu nikasikia harufu ya plastiki. Nikalaumu lori la mbele. Kumbe moshi unatoka chini ya kiti changu! Betri tupu inavuta moto mwingi kwa mkupuo, waya mwembamba ukachemka, ganda likalainika pale unapopita kwenye reli ya kiti, shaba ikagusa chuma. Mama mmoja muuza ndizi alinipa kanga nishikie waya, nikaung'oa. Kanga ikaungua. Nimeilipa, na maneno yake nikayabeba bure.

Nyie wenzangu mnafanyaje?

Dereva wa Porini:
Pole sana kaka. Sisi wa safari betri mbili ni lazima, kuna friji na kuna kamera za wageni za kuchaji. Gari langu la sasa lina rilei katikati, swichi inayojiwasha na kujizima: altaneta, ile dinamo ya injini, ikianza kuzalisha inaunganisha betri zote, ukizima injini inazitenganisha. Friji inakula ya nyuma tu.

Zamani nilikabidhiwa gari ambalo mtu aliziunga moja kwa moja, hamna cha rilei. Tukalala kambi ya Simba, ukingoni mwa Ngorongoro, mwezi wa saba. Mnaijua baridi ya kule, na betri nayo ikipigwa baridi nguvu inapungua. Friji ikakesha inakula. Alfajiri saa kumi na moja wageni wameshavaa, wanataka kuwa wa kwanza kushuka kreta. Nageuza ufunguo: tik. Zote mbili! Nikazunguka kambi nzima na tochi nikiomba waya wa kubusti kwa madereva wenzangu, huku wageni wamesimama na vikombe vya kahawa wananiangalia tu.

Mama Mtori:
Mmenikumbusha Rombo mwaka 2002. Umeme kwetu haujafika, tuna TV ndogo ya chogo, nyeusi na nyeupe, inayokubali betri. Tarehe 31 Mei ni ufunguzi wa Kombe la Dunia, Senegal na Ufaransa, saa nane na nusu mchana. Jirani ana pikapu ya kupeleka ndizi Himo, basi baba akampa betri aifunge pale mbele, ichajiwe kwenda na kurudi. Malipo mkungu mmoja.

Kipindi cha kwanza raha tupu, nyumba imejaa mpaka dirishani, na goli la Senegal tuliliona. Cha pili picha ikaanza kusinyaa pande zote, ikabaki kadoa katikati. Baba akampigia jirani kelele kwamba amekula mkungu bure. Matokeo ya 1-0 tuliyapata redioni.

Fundi wa Pasua:
Mama, jirani hakuwa mwizi. Betri ya Ah 70 (yaani ampea mara saa) iliyokwisha, ikipokea ampea 10, inataka saa saba na zaidi, na ikikaribia kujaa inapokea kidogo kidogo. Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80. Hata ukikuta foleni, hujaijaza.

Altaneta kazi yake ni kurudisha kile stata ilichokula na kuendesha vyombo vya gari. Kufufua maiti siyo kazi yake. Gari likiwa sailensa, yaani limesimama linaunguruma tu, na betri tupu inavuta, altaneta inachemka. Ikiwa imekata kabisa, peleka kwanza kwenye chaja.

Halafu pimeni jamani, mita ni bei rahisi kuliko kanga. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.0 ina njaa. Injini ikiwaka, ya mbele inasoma 14.2 na ya nyuma 13.1? Waya mwembamba, au vichwa vya betri vimelegea. Na betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, usiifungie ndani bila hewa ukakaa na sigara. Mimi iliwahi kunipasukia karakana. Shati lilitoboka toboka kama chekeche, macho yaliponea miwani.

Kisusio Baridi:
Fundi, mimi nina Fuso, volti 24. Redio na taa za kitandani nimevutia 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Hiyo moja inakufa kila mara, na mwenzake inakausha maji. Nimebadilisha mara mbili.

Fundi wa Pasua:
Utabadilisha na ya tatu. Unayoinyonya iko chini siku zote, altaneta inasukuma kwa zote mbili pamoja, ile iliyojaa inazidishiwa mpaka inachemka. Weka kile kifaa cha kushusha 24 iwe 12, kivute kwenye zote.

Mpiga Debe wa Njiro:
Fundi, rilei nimeelewa. Ila jamaa wa hapa ananiambia fyuzi mbili, moja kila mwisho wa waya. Moja haitoshi?

Fundi wa Pasua:
Waya wako una betri huku na huku. Ukigusa chuma katikati, fyuzi ya mbele ikikata, ya nyuma bado inasukuma moto.

Mpiga Debe wa Njiro:
Jumatatu naleta gari Pasua. Kanga nyingine sina.