Mgeni na kamera yake, peke yake shamba: apite kwa sheha, mkuu wa mtaa, au aachwe?

Kijana wa Paje: Jamani, bamvua lililopita, maji yalipotoka sana, kina mama wamo mwanini kama kawaida. Akatokea mgeni, mwanamke wa kizungu, yu peke yake, hana mtembezi wala mkalimani. Kaingia majini na kamera, kawapiga picha wameinama wanafunga mwani, nguo zimerowa zimewaganda. Hata salamu hakutoa. Nilipomuuliza, akasema anakusanya mila za watu. Nauliza: mgeni kama huyu alazimishwe kupita kwa sheha kwanza, au tumwache?

Karafuu Kavu: Kwetu Pemba hilo halipo. Mtu akija peke yake msimu wa karafuu ataulizwa kwanza ni mgeni wa nani, atapewa uji, kamera baadaye. Nyie Unguja mshazoea. Hata Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi, siku hizi ni sinema ya watalii, watu wanapigana kwa migomba huku jicho moja liko kwenye kamera.

Mzalia wa Makunduchi: We Karafuu, koma. Umeshafika Makunduchi hata Julai moja? Ushapigwa mgomba wa mgongo ukajua kama ni sinema? Kusini na Kaskazini tunamaliza ugomvi wa mwaka mzima pale, kibanda kinachomwa, kina mama wanaimba. Wenye kamera wanakuja wenyewe, hatujawapelekea kadi.

Mkaazi wa Mji Mkongwe: Tusitoke kwenye mada. Zile postikadi za zamani za Gomes na za Coutinho, Wagoa waliokuwa na studio hapa mjini, zimejaa wanawake wetu, na chini pameandikwa "mwanamke wa Kiswahili" basi. Jina hakuna. Leo tunazitundika ukutani tunazionea fahari. Mpiga picha Oza alipofungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930 watu walimfuata wenyewe, wameshavaa, wameshajitia wanja. Mie naona suala ni nani kamfuata nani. Sheha baadaye.

Karafuu Kavu: Historia nzuri. Lakini nimesema sinema, na narudia sinema. Video nimeiona, mtu kashika mgomba anacheka.

Mzalia wa Makunduchi: Kwani anayecheka hapigi? Nasikia zamani zilikuwa fimbo, watu wakiumia. Ungependa zirudi ili uridhike? Na huo mchezo wenu wa kupambana na ng'ombe, si wanasema kawaachieni Mreno?

Karafuu Kavu: Ng'ombe usiwaguse! Babu yangu alikuwa akisema ule mchezo ni wa kuitia mvua. Mreno hakujua mvua ya Pemba.

Mpiga Picha za Harusi: Mbona kila siku mzungu? Mie mzawa, kitovu changu kimezikwa Ng'ambo, na Forodhani nimefukuzwa na muuza urojo kwa picha moja tu. Halafu hiyo ruhusa ya sheha mnayoitaka, mwezi wa pili itakuwa na bei.

Kijana wa Paje: Mie sikusema uzungu ndio kosa.

Mpiga Picha za Harusi: Umeandika "wa kizungu" kabla hujatuambia kafanya nini. Soma ulichoandika.

Kijana wa Paje: Nilikuwa naeleza sura!

Mpiga Picha za Harusi: Haya, mweleze na muuza urojo.

Shangazi wa Mwanini: Asalaam alaykum. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia. Mwenye mgongo kwenye picha hiyo ni mie. Nafunga mwani tangu ulipoanza hapa Paje, mwaka 89, sijui 90. Siku hizi maji yanachemka, kotoni, mwani wenye bei, inaoza kwenye kamba, tumebaki na mwani wa spinosamu, na bei yake mnaijua. Sheha hajaniuliza habari ya kotoni, leo ataniulizia picha? Yule mtoto wa kamera kilichoniudhi kingine. Nilimwomba anioneshe kwenye kioo cha kamera nijione, akacheka, akaenda zake. Pengine hakunifahamu. Lakini kidole nilimwoneshea, na kidole hakina lugha.

Mzalia wa Makunduchi: Shikamoo shangazi, pole sana. Lakini huyu Karafuu bado hajajibu kama ameshafika Makunduchi.

Karafuu Kavu: Shikamoo bibi. Sijafika. Nauli ya boti unalipa wewe?

Mzalia wa Makunduchi: Nakulipia! Julai hiyo njoo, na mgomba nakukatia mwenyewe, mbichi, wenye maji.

Mkaazi wa Mji Mkongwe: Na sheha je? Jamani?

Karafuu Kavu: Kurudi nauli nani analipa?

Mpiga Picha za Harusi: Mie nitakuja kukupiga picha ukikimbia. Bure.

Shangazi wa Mwanini: Haya wanangu, maji yashatoka, nateremka pwani. Mwenye kumjua yule mtoto amwambie picha yangu naitaka, ya karatasi, si ya simu.