Msaada: kifaa cha kuzuia maji kurudi kimefeli kipimo, boila ya korosho imesimama

Mbanguaji_Mtwara
Wakuu, habari za jioni. Tuna kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara. Maji ya boila tunayatia dawa ya kuzuia chokaa, kwa hiyo kwenye bomba la inchi moja linalotoka mtaani tumefunga kifaa cha RPZ (kifaa cha kuzuia maji kurudi, chenye valvu mbili za kuzuia na tundu la kumwagia chini katikati yake) ili dawa isirudi kwa watu. Mnunuzi anataka karatasi ya kipimo kila mwaka. Leo kimefeli: geji ya tofauti ya presha ilishuka polepole mpaka paundi 2.6 ikagoma hapo, na tundu la chini linadondosha maji mfululizo. Fundi mmoja anasema tuzibe tundu kwa plagi, mwingine anasema tununue kipya. Nishike lipi?

Koki_Kuu
Usishike lolote kati ya hayo, mkuu. Ukiziba tundu umekiua kifaa chenyewe, maana lile tundu ndiyo njia ya maji machafu kumwagika nje badala ya kurudi mtaani. Kununua kipya nako ni haraka mno.

Geji yako imeshasema mengi. Nonriteni ya kwanza (valvu inayoruhusu maji kwenda mbele tu) inatakiwa ishikilie paundi 5 au zaidi, na valvu ya kumwaga, ile ya tundu la chini, ifunguke kabla tofauti ya presha haijashuka chini ya paundi 2. Yako inafunguka kwenye 2.6, kwa hiyo hiyo huenda ni nzima. Ninayoishuku ni nonriteni ya kwanza.

Hakikisha hivi. Funga koki ya pili, ile ya upande wa boila. Maji yakikoma kudondoka, nonriteni ya pili inavuja na boila inasukuma maji kinyume. Yasipokoma, fungua kikoki cha kupimia namba 4 (vikoki vidogo vya kifaa huhesabiwa kuanzia upande wa mtaani) maji yatembee. Yakikoma hapo, ni nonriteni ya kwanza. Yakiendelea tu, fungua valvu ya kumwaga uikague.

Bomba_la_Kusini
Naongezea: koki ya pili isipobana sawasawa, kipimo chote ni uongo. Na huku bomba la mtaani likipasuka likaungwa, mchanga na kutu hutangulia kuja. Safisha laini kwanza.

Mbanguaji_Mtwara
Asanteni. Nimefunga koki ya pili, maji yameendelea. Nimefungua namba 4, yamekoma. Nikifungua mfuniko niangalie nini?

Koki_Kuu
Basi ni nonriteni ya kwanza. Funga koki zote mbili, kisha fungua vikoki namba 2, 3 na 4 presha itoke. Usiguse bolti kabla ya hapo. Chini ya mfuniko kuna springi iliyobanwa, kwa hiyo legeza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana, mkono mmoja umekandamiza mfuniko, uso usiwe juu yake.

Kagua kiti, ule ukingo ambao mpira unaukalia. Pitisha ukucha kuzunguka. Mara nyingi utakuta kipande cha tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba au chembe ya mchanga, na hicho peke yake kinatosha kufelisha kipimo. Chokaa ilowekee siki, usikwangue kwa bisibisi. Kiti kikishapata mkwaruzo hakuna mpira utakaokiziba.

Mpira ukiwa na mfereji wa duara, aina nyingi zinageuzwa upande wa pili, lakini hiyo ni ya kusogeza siku tu. Agiza seti ya mipira na springi Dar. Piga picha kibao cha kifaa: modeli, saizi na namba, maana seti za modeli mbili hazibadilishani hata kama saizi ni ile ile.

Fundi_Mikindani
Na mpira wa tyubu ya baiskeli msikate mkauweka badala ya mpira wa kifaa! Grisi ya gari pia hapana, inakula mpira. Tumieni grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye maji ya kunywa, kiasi cha kulainisha tu.

Bomba_la_Kusini
Mkirudisha, fungueni koki ya kwanza taratibu sana huku kikoki namba 4 kikitoa hewa, ndipo koki ya pili. Ukifungua kwa pupa tundu la chini litamwaga maji mengi utadhani umeharibu tena. Kisha pima upya kifaa kizima, siyo nonriteni ya kwanza peke yake, na kwenye karatasi andika namba za kabla na za baada ya matengenezo. Wekeni chujio kabla ya kifaa. Tundu liwe angalau milimita 300 juu ya sakafu. Kwenye shimo linalojaa maji ya mvua kifaa hicho ni hatari tupu.

Wakati mnasubiri vipuri, boila inaweza kufanya kazi kwa tangi la katikati. Mdomo wa bomba la inchi moja uning'inie milimita 50 juu ya ukingo wa maji kufurikia, na pampu ivute kutoka kwenye tangi. Mtu asije akaurefusha kwa mpira wa bustani mpaka ndani ya maji, hapo ile nafasi haina maana tena.