Tupeane uzoefu: diski iliyokwama ndani ya kompyuta

Mwanakwaya, Kisumu
Jana nilipita soko la Kibuye nikaona kompyuta kuukuu za mezani zimerundikwa juu ya magunia, na moja ilikuwa na trei ya kuwekea diski iliyofunguka nusu kisha ikagoma. Papo hapo nikaikumbuka diski (sidii) ya kwaya yetu, nakala pekee, iliyokwama kwa wiki nzima kabla sijapata ujasiri wa kunyoosha klipu ya karatasi na kuisukuma kwenye kile kishimo kidogo cha mbele. Nani mwingine amepitia haya, na aliitoaje?

Mwalimu, Kakamega
Umenigusa kidonda. Marehemu baba alirekodiwa akieleza mipaka ya shamba na kutaja majina ya wazee wetu mpaka kizazi cha saba, na sauti hiyo ilikuwa kwenye diski moja tu. Usiku mmoja wa mvua stima ilipotea tukiwa tunamsikiliza, na iliporudi nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, mtambo ukalia tik, tik, lakini trei haikutoka. Mdogo wangu alileta spoku ya baiskeli, nene kuliko kishimo chenyewe, akailazimisha kwa mshazari kabla sijamzuia, nasi sote tukasikia kitu kikikatika ndani. Mama alinyamaza. Sikulala. Asubuhi niliibeba kompyuta nzima kwa bodaboda, nikaipakata kama mtoto mgonjwa, hadi kwa fundi aliyefungua skrubu 4 za chini na kutuonyesha mkanda wa mpira uliolegea, pamoja na jino la gia lililovunjwa na ile spoku. Diski ilikuwa salama. Nililia mbele ya wateja wake.

Mama Pendo, Nakuru
Pole sana, mwalimu. Hata kwetu ulikuwa mkanda huohuo.

Fundi, Kondele
Mwalimu ameeleza chanzo kinachonijia mara nyingi kuliko vyote: mpira huo hulegea kwa umri na vumbi, mota ikazunguka bure. Zimeni kompyuta na mchomoe waya kwanza, kwa sababu diski inaweza kuwa bado inazunguka. Ingizeni klipu ikiwa imenyooka kabisa, sukumeni taratibu mpaka mhisi ukinzani, na trei ikijitokeza kiasi cha upana wa kidole, ivuteni kwa mkono.

Karani, Nakuru
Mimi yangu haikukwama tu, ililipuka. Nilikuwa nachapa kazi za watu karibu na stendi, mteja akaniletea diski yenye ufa mdogo kuanzia kwenye tundu la katikati, nami nikaiingiza kwa sababu alikuwa na haraka. Ilianza kuvuma, sauti ikapanda, kisha ukatokea mshindo uliowafanya watu wa nje wadhani gurudumu la matatu limepasuka. Kifuniko cha trei kilirushwa, na vipande vinavyong'aa vikatapakaa hadi mlangoni. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo huinua kila diski kwenye mwanga kabla ya kuiingiza.

Mkulima, Bungoma
Karani, ungebandika utepe wa gundi juu ya ule ufa, ingesoma vizuri.

Karani, Nakuru
Ndugu yangu, usiwaambie watu hivyo. Ungekuwa umeketi pale nilipoketi usingesema.

Mkulima, Bungoma
Nimefanya mara mbili na sikupata madhara.

Fundi, Kondele
Karani ana haki. Kiendeshi, yaani kile kifaa kinachosoma diski, kikiwa cha kasi ya 52 huizungusha diski karibu mara 10,000 kwa dakika. Utepe huiyumbisha, na gundi ikipata joto hubanduka na kuinasa diski ndani. Hata lebo za karatasi zimenipa kazi hiyohiyo.

Mama Pendo, Nakuru
Mtu wangu wa duka alinishauri nigonge ubavu wa mashine huku nikibonyeza kitufe, na ilifunguka.

Mwalimu, Kakamega
Mama Pendo, tafadhali usigonge. Lenzi inayosoma diski ni kitu chororo mno.

Mwanafunzi, Busia
Wenye vipakatalishi wasisahau kutazama chini ya mashine: changu kilikuwa na skrubu moja tu, nikaifungua na kiendeshi kizima kikateleza nje. Je, nikiona mikwaruzo kwenye diski niipake dawa ya meno?

Fundi, Kondele
Kwenye upande unaong'aa, mkwaruzo mwepesi unaweza kusuguliwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Upande wa maandishi usiuguse, maana data ya sidii imekaa chini kidogo tu ya rangi hiyo.

Mwanakwaya, Kisumu
Asanteni. Nimeitoa ile diski kabatini na haina ufa. Sasa natafuta mtu hapa Kisumu ambaye kiendeshi chake bado kinasoma, aninakilie sauti hizo nikiwa nimeketi kando yake, kwa sababu waimbaji 3 kati ya wale wameshatangulia mbele ya haki.

Fundi, Kondele
Njoo nayo hapa Kondele, Kisumu, Jumamosi asubuhi, dada, nitakuwa nimeshabadilisha mkanda wa kiendeshi changu.