Huduma ni bure, walio ng'ambo hawafiki: kamati ianzie wapi?

MwanaShehia (Kaskazini Pemba)
Assalamu alaykum. Nimo kwenye kamati ya afya ya kituo kinachohudumia shehia tatu, moja iko kisiwani, mpaka uvuke kwa dau. Kumuona mkunga hakulipiwi, na kwenye ripoti mahudhurio ya wajawazito ni mazuri. Ila wanaoletwa usiku hali ishaharibika, kila mara ni wa kisiwani. Wenzangu wanasema ni uzito wa watu, waongezewe elimu. Sijaridhika. Kabla hatujamwandikia Daktari Dhamana wa wilaya, tukague nini, tuombe nini?

Daftari
Wa alaykum salaam. Ripoti iwekeni kando, fungueni rejista. Chukueni miezi 12, kila mama mumtie kwenye shehia yake. Jumla huficha. Tuseme wa karibu ni 100, waliotimiza mahudhurio manne 80. Wa kisiwani 20, waliotimiza 6. Jumla ni 86 kati ya 120, karibu asilimia 72, mnapongezwa. Kumbe kisiwani ni asilimia 30. (Na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mara nane, si nne.)

Angalieni pia umri wa mimba hudhurio la kwanza. Aliyekuja kabla ya wiki 12 na aliyekuja wiki ya 28, wote wamehesabiwa "amehudhuria". Asiyekuja kabisa hayumo humo. Huyo mtampata kwa sheha na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba.

Bamvua
Kliniki ya wajawazito ni siku gani, saa ngapi?

MwanaShehia
Jumanne, saa mbili mpaka saa sita mchana.

Bamvua
Basi itazameni pamoja na mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huku kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa hiyo hiyo wanawake wako kwenye mwani, na siku hizi za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni chache. Akizikosa, anangoja wiki mbili nyingine. Dau nalo limekaa mchangani. Bamvua hurudi kila siku 14 au 15, kwa hiyo Jumanne moja kati ya mbili, takriban, mama anachaguzwa baina ya kipimo na kipato. Uzito uko wapi hapo?

Maji mafu ni kinyume chake: asubuhi bahari imejaa, chombo kinaelea mpaka ufukweni. Ombeni kliniki ya kisiwani ipangwe kwa maji mafu, mara mbili kwa mwezi, na mkunga ndiye avuke, akiwa na mashine ya presha, vipimo vya damu na mkojo, na dawa za kutosha. Mafuta ya boti yaandikwe kwenye bajeti kama kifungu chake. Yakiwekwa kwenye "dharura", mwezi fedha zikipungua ndiyo yanayokatwa mwanzo, na safari imekufa.

MtuWaBohari
Naongeza la dawa, maana mtu akivuka akaambiwa akanunue dukani, bure imeishia pale. Kituo huagiza kwa wastani wa matumizi ya mwezi. Vidonge vya kuongeza damu vimetoka 200, lakini siku 10 kati ya 30 havikuwepo: matumizi halisi si 200. Gawa kwa siku 20 vilipokuwepo, zidisha kwa 30, unapata 300. Wengi huandika 200. Bohari ya dawa inaona kituo kinatumia kidogo, inaleta kidogo, kinakosa tena. Kituo cha mjini ambacho hakikuwahi kukosa kinaagiza kwa hesabu kamili. Hakuna aliyekusudia ubaguzi, fomu tu. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, alisema huduma nzuri huwa haba pale inapohitajika zaidi, ndiyo haya.

Oksitosini, sindano ya kuzuia damu nyingi baada ya kujifungua, ikaguliwe peke yake. Inataka digrii 2 mpaka 8. Umeme ukikatika na daftari la joto la friji halijajazwa, chupa ipo lakini nguvu imepotea, na mama anatoka damu.

Mshenga
Elimu nayo msiitupe jamani. Wapo wasiojua kwamba kuumwa kichwa sana na kuona kiwi ni dalili ya hatari, na mume ndiye anayeamua safari.

Daftari
Kweli, lakini ukishamfundisha dalili atahitaji chombo saa nane usiku. Bei ikubaliwe mapema na nahodha wawili, si mmoja, na dereva wa gari upande wa pili, iandikwe na kubandikwa kwa sheha. Mfuko wa usafiri huo utoe fedha kabla ya safari. Utaratibu wa "lipa kwanza, lete risiti urejeshewe" huwasaidia wenye akiba tu.

MwanaShehia
Shukran. Fedha ashike nani?

Daftari
Wawili, wote wakaazi wa kisiwani, mmoja mwanamke. Msimpe mvuvi anayekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali.